Hesabu Pumzi Kabla ya Kumtwika: Nimonia ya Punda na Farasi

Punda alikuwa ameukabili ukuta, kichwa chini, viwiko vya miguu ya mbele vimetanuka kidogo kama mtu aliyebana magunia mawili kwapani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Langoni, Lamu, jua halijaingia vichochoroni. Mbele yake palikuwa na fungu la majani mabichi, na mdomo wake ulikuwa ukienda. Mpita njia angesema anakula. Nilisogea nikaangalia vizuri: alikuwa anatafuna hewa. Jani moja lilining'inia pembeni ya mdomo, haliingii wala halianguki.

"Ana nini huyu, ami?" nilimuuliza mwenyewe.

"Hana kitu. Jana alibeba mchanga toka forodhani hadi magharibi. Amechoka tu. Jua likimpiga atachangamka."

Nilisimama ubavuni mwake, saa mkononi, nikatazama lile bonde lililo kati ya ubavu wa mwisho na nyonga likipanda na kushuka. Kwa dakika moja alivuta pumzi mara 44. Punda mzima aliyepumzika kivulini huvuta kati ya mara 12 na 28, na wengi huwa kwenye ishirini hivi. Hakukohoa hata mara moja. Kamasi hakuwa nayo. Jioni ile daktari wa mifugo alituambia ni nimonia, na kwamba haikuanza jana.

Pwani tuna maneno mengi ya maradhi ya kifua, na tatizo linaanzia hapo. Kikohozi, mafua, pumu, baridi ya kifua, kichomi: mwenye punda hushika lile lililo karibu na ulimi, kisha tiba hufuata neno. Akisema mafua, husubiri yapite. Akisema uchovu, humpumzisha hadi alasiri halafu humtwika. Akisema baridi, humfungia kwenye kibanda kisicho na dirisha, juu ya mavi makavu yanayofuka vumbi, na hapo amemtilia ugonjwa kuni. Kati ya maneno yote hayo, kichomi ndilo lililo karibu na ukweli, kwa sababu linataja maumivu ya mbavuni yanayochoma kila pumzi inapoingia. Wazee walikuwa wametazama vizuri.

Mapafu ni kama sifongo: vifuko vidogo visivyohesabika ambamo hewa hukutana na damu. Nimonia ni pale vifuko hivyo vinapojaa maji ya uvimbe na usaha, hewa ikakosa pa kukaa. Mnyama hulazimika kuvuta haraka ili apate kidogo kidogo kile alichokuwa akikipata kwa pumzi moja. Uvimbe ukisambaa hadi kwenye utando unaofunika mapafu na ule uliotandikwa ndani ya mbavu, majimaji hukusanyika katikati ya tando hizo mbili, na hiyo ni hatua nyingine kabisa, nzito zaidi. Farasi na punda wana shida ya ziada ambayo mbuzi na ng'ombe hawana: hawawezi kuhemea mdomoni. Njia yao ya hewa ni pua peke yake. Ukimwona punda ametanua matundu ya pua mpaka yakawa duara ilhali amesimama tu, hicho si kiburi.

Lazima niseme jambo kuhusu farasi na punda, maana karibu yote yaliyoandikwa juu ya nimonia ya wanyama hawa yameandikwa juu ya farasi. Hapa Lamu farasi tunamjua zaidi kwenye ubao wa sataranji. Punda ndiye lori letu, teksi yetu na gari letu la taka katika mji ambao mitaa yake haipiti gari. Idadi yao kisiwani hutajwa kuwa kama 3,000. Wawili hawa ni ndugu, mapafu yao ni yale yale na dawa nyingi ni zile zile, lakini vipimo vyao havilingani. Joto la farasi mzima mwenye afya ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. La punda mzima ni kati ya 36.5 na 37.8. Kwa hiyo punda mwenye nyuzi 38.4 ukimpima kwa kitabu cha farasi utamrudisha kazini, na kumbe ana homa. Kosa hilo nimeliona likifanywa na mtu aliyesoma.

Sasa, nimonia hutoka wapi? Si kwenye upepo. Najua hili halitapokewa vizuri vijiweni. Kusi ikivuma na masika ikimwaga, kila kifua kinacholegea huhesabiwa kwa baridi. Ukweli ni kwamba bakteria anayeshikwa na hatia mara nyingi zaidi, wa jamii ya streptokokasi aitwaye zooepidemicus, anaishi kooni mwa farasi na punda wazima kila siku ya mwaka bila kudhuru mtu. Ni kama mpangaji mtulivu. Swali ni nani aliyemfungulia mlango wa chini, maana njia ya kwenda mapafuni ina ulinzi: kuta za koo la hewa zimeota vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute kwenda juu mchana kutwa na usiku kucha, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa humo. Ute ukifika juu, mnyama humeza au hupiga chafya, basi.

Ulinzi huo una sharti moja ambalo wenye punda wengi hawajaambiwa. Mnyama lazima aweze kuinamisha kichwa. Ameumbwa kula chini, na kichwa kikiwa chini ute hutiririka kutoka wenyewe. Majaribio yaliyofanywa kwa farasi yalionyesha kwamba kichwa kikifungwa juu kwa saa 6 hadi 12 tu, bakteria huanza kujaa katika koo la hewa hata kwa mnyama mzima. Ndiyo maana duniani nimonia kali ya farasi ina jina la utani la homa ya safari: farasi hupakiwa kwenye lori, hufungwa kichwa juu asije akamng'ata mwenzake, husafirishwa siku nzima, na baada ya siku mbili tatu homa inapanda.

Punda wetu hawapandi malori marefu kama hayo mara nyingi, lakini tazama jinsi tunavyowafunga. Kamba fupi kwenye pete ya ukutani, juu, toka Isha hadi Alfajiri, ili asifikie taka na asile nguo za watu. Au ndani ya mashua kutoka Pate au Siyu, kichwa kimebanwa juu ya ubao wa pembeni, upepo ukiwa hafifu safari hiyo inakula saa. Kulegeza kamba mpaka pua ifike ardhini hakugharimu hata shilingi.

Virusi nao hufungua mlango. Mafua ya farasi huchubua vile vinyweleo, na huchukua wiki kadhaa kuota tena. Katika muda huo bakteria hupita bila kuulizwa. Punda huumia na mafua hayo kuliko farasi. Mwaka 2019 yalipita Afrika Magharibi, Niger na Nigeria na nchi jirani, yakaua punda wengi mno, na wengi wao waliuawa na nimonia iliyofuata nyuma ya virusi. Kazi nzito isiyo na pumziko, vumbi la saruji na chokaa, minyoo na njaa, vyote hivyo hupunguza ulinzi. Lakini kuna mlango mmoja tunaoufungua kwa mikono yetu wenyewe, na huo nataka niukalie kidogo.

Ni chupa.

Punda hajisikii vizuri. Mtu anatengeneza dawa: mafuta ya nazi, au chumvi na ndimu, au dawa ya minyoo iliyosagwa, anatia kwenye chupa ya soda. Mmoja anashika masikio, mwingine anainua taya mpaka shingo inanyooka, wa tatu anaingiza chupa pembeni ya mdomo na kumimina. Punda anagugumia, anakohoa, kila mtu anaona ameshameza. Sehemu ya dawa ile imeshuka umioni, sehemu imeingia koo la hewa, kwa sababu shingo iliyonyooshwa juu haina namna ya kufunga njia moja na kuacha nyingine. Mafuta ndiyo mabaya zaidi. Hayamwashi kooni kwa hiyo hakohoi, yanateleza kimya kimya hadi chini kabisa, na mapafu hayana njia ya kuyatoa. Baada ya siku mbili punda anapandwa na homa, na watu husema ugonjwa umezidi nguvu dawa.

Jamaa wa mlango huo ni kukabwa. Punda mzee mwenye meno mabovu anapewa pumba kavu au anaokota kokwa ya embe jalalani, kinanasa umioni. Utamjua: ananyoosha shingo, anameza bila kupitisha kitu, mate na makombo ya chakula yanatoka puani kote kuwili. Usimmiminie maji. Ondoa kila chakula, mwache ainamishe kichwa, mwite daktari. Na hata kokwa ikishuka yenyewe na punda akarudi kucheka, mpime joto asubuhi na jioni kwa siku tano, kwa sababu mate yaliyopita njia isiyo yake huleta nimonia baadaye, watu wakiwa wamesahau. Nimonia ya namna hii mara nyingi huwa na vijidudu visivyopenda hewa, na hivyo vina harufu. Ukinusa pumzi ya mnyama ukasikia kama samaki aliyesahaulika ndani ya tenga, usingoje kesho.

Kumtambua

Farasi akiumwa hukwambia. Hulala, huinuka, hutoa jasho, hutazama ubavu wake, hukataa chakula waziwazi. Punda humeza maumivu. Wanaowasomea wanyama hawa wanadhani ni urithi wa nyikani, kwamba mnyama asiye na kundi kubwa la kumkinga akionyesha udhaifu simba anamchagua yeye. Sababu iwe ipi, matokeo ni kwamba dalili ya kwanza ya nimonia ya punda kwa kawaida si kikohozi. Ni kimya. Yule anayelia kila alfajiri hakulia leo. Yule anayepiga teke ukigusa shogi, tandiko lake la mizigo, amekuacha ulifunge. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Basi siku mateke yasipokuja, uliza kulikoni.

Baada ya kimya, tafuta yale ya kifua. Pumzi za haraka akiwa amepumzika. Matundu ya pua yaliyotanuka. Tumbo linalosukuma mwishoni mwa pumzi, mpaka kwa mnyama aliyeumwa muda mrefu huonekana mstari kama kovu kando ya mbavu. Kamasi, ikiwapo, hutoka pua zote mbili. Ikitoka upande mmoja tu fikiria jino bovu kwanza. Ikiwa ya kijani au njano ni usaha. Ikiwa na rangi ya kutu, au maji mekundu mekundu, mapafu yenyewe yanaoza na saa zinahesabika. Na wale waliofika kwenye kichomi hasa hukataa kutembea, hupiga hatua fupi fupi, huguna ukigusa mbavu, hutanua viwiko ili kifua kisibanwe. Punda wa ami alisimama hivyo hivyo. Wengi humdhania ana tumbo au kwato, na kumpeleka kutembezwa, jambo ambalo ni adhabu.

Pumzi hesabu asubuhi, kabla ya jua. Mchana wa kaskazi mnyama mzima pia huhema haraka ili apoe, na utajitia hofu bure. Mpe nusu saa kivulini, simama kando asikuone kama mtu aliyekuja kumtwika, hesabu nusu dakika kisha zidisha mara mbili. Ujue za kwake anapokuwa mzima. Namba ya kitabu ni ya punda wote. Ya kwake ni yake.

Kipima joto cha dijitali cha duka la dawa la watu kinatosha. Kipake vaselini, simama ubavuni na si nyuma, shika mkia kwenye shina, ingiza taratibu huku ukikiinamisha kiguse ukuta wa utumbo, kwa sababu kikizama ndani ya donge la mavi kitakupa joto la mavi. Kifunge uzi. Rafiki yangu mmoja hakufunga uzi, na siku mbili nyumba nzima ilikuwa ikikagua mavi. Watoto wa punda huwa na joto zaidi, hadi 38.9, na pumzi zao hufika 48 bila ubaya wowote, kwa hiyo wasikushtue.

Kitoto kinachokohoa na kudhoofika akiwa na umri wa mwezi mmoja hadi sita kinahitaji jicho la peke yake. Kuna bakteria wa udongoni, Rhodococcus equi, anayependa mazizi makavu yenye vumbi na mavi ya farasi. Huvutwa na hewa, akatengeneza majipu ndani ya mapafu ya watoto, na penisilini haimwezi. Tiba yake ni dawa mbili pamoja kwa wiki nyingi, na moja ya dawa hizo ukimpa punda au farasi mzima inaweza kumuua kwa kuharisha.

Yanayofanana nayo ni mengi, nitayapitia mbio. Kikohozi cha miezi, bila homa, mnyama anakula vizuri: hicho ni vumbi, ni jamaa wa pumu, dawa yake ya kwanza ni kulowesha majani na kubadilisha kibanda. Uvimbe na majipu chini ya taya pamoja na kamasi nzito: ni ugonjwa mwingine wa streptokokasi, unaambukiza vikali, mtenge leo leo pamoja na ndoo yake. Minyoo ya mapafu: punda huishi nayo bila hata kukohoa, lakini akilishwa pamoja na farasi, farasi ndiye anayekohoa, na watu wenye hoteli na mashamba wanaofuga wote wawili wafahamu hilo. Homa na kukonda kwa punda aliyetoka bara kwenye misitu ya mbung'o: pima damu. Na kwa farasi peke yake, kile kinachoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, kinachoenezwa na usubi, huweza kujaza mapafu maji kwa saa chache hadi povu likafurika puani. Aina hiyo ya mapafu huua karibu wote wanaoipata. Punda huipita mara nyingi bila kuonyesha kitu.

Mfuko wa daktari

Daktari alipokuja alisikiliza mbavu kwa stetoskopu, upande huu na ule, akakunja uso. "Anavuta kidogo kidogo, sisikii chini," alisema. Kisha akatoa mkobani mfuko mkubwa wa plastiki, akauvisha pua ya punda kwa ulegevu, akaushika pale kwa dakika moja hivi.

Vijana waliokuwa barazani wakacheka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na hapa anakuja mtu wa serikali nayo. Lakini ile ndiyo hila ya zamani ya kusikiliza kifua cha farasi. Mnyama akivuta hewa yake mwenyewe mfukoni, mwili unadai pumzi ndefu zaidi, na pumzi ndefu hufika pembe ambazo pumzi fupi haizigusi. Mfuko ulipoondolewa punda alivuta kwa nguvu mara tatu, na kwa mara ya kwanza akakohoa, kikohozi kizito cha maji. Daktari alinipa stetoskopu. Juu, nilisikia kama karatasi inayokunjwa. Chini, karibu na kiwiko, sikusikia chochote. Ukimya ule ndio uliomtia wasiwasi: palipo na majimaji sauti haipiti. Mnyama aliyezidiwa sana havishwi mfuko. Pumzi yake haina ya kuazimisha.

Penye vifaa, mashine ya ultrasaundi huonyesha majimaji na kiasi chake, na ute huchotwa ndani ya koo la hewa kwa sindano na mrija ukaoteshwa maabara kujua dawa gani inamfaa. Tulikuwa na stetoskopu, mfuko, kipima joto kilichosoma 39.3, na akili ya mtu aliyezoea. Si haba.

Sasa dawa. Wengi wetu huanzia kwenye duka la dawa za mifugo, na duka huanzia kwenye penisilini iliyochanganywa na streptomaisini. Penisilini si chaguo baya. Zooepidemicus huiogopa mpaka leo. Ubaya uko kwenye hesabu. Kipimo kinachotumika kwa farasi na punda wenye nimonia ni yuniti 22,000 za penisilini ya prokeini kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa 12. Chukua punda wetu wa kawaida wa kilo 130. Hizo ni yuniti 2,860,000 kwa mara moja. Chupa nyingi zina yuniti 200,000 katika kila mililita, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya mililita 14, zigawanywe sehemu mbili za msuli, asubuhi na jioni. Muuzaji akikwambia mililita tano mara moja kwa siku, kwa siku tatu, hajakudanganya. Amesoma karatasi ya chupa. Lakini hiyo ni chini ya moja ya tano ya inayotakiwa, na matokeo yake ni punda anayepata nafuu Jumanne, anarudi kazini Alhamisi, na Jumatatu amelala chini na vijidudu vilivyokwisha kuionja dawa.

Sijaandika hesabu hiyo ili mtu amdunge punda wake kichochoroni. Penisilini ya prokeini ikiingia mshipani badala ya msulini, mnyama huruka wazimu, hujigonga ukutani na kuanguka. Kuvuta bomba la sindano nyuma kuangalia kama kuna damu ni kitu cha kufundishwa kwa mkono. Nimeiandika ili ukienda kwa daktari akakupa chupa nne, usidhani anakuibia.

Daktari huongeza dawa nyingine kwa kadiri anavyoona. Jentamaisini kwa vijidudu ambavyo penisilini haivigusi, lakini huumiza figo za mnyama aliyekauka, basi maji kwanza. Metronidazoli kama kuna ile harufu. Fluniksini kwa maumivu na homa, na hapa kuna mtego: ikishusha joto utadhani amepona. Pima kabla ya sindano, si baada. Zipo pia dawa ambazo mwili wa punda huzitoa haraka kuliko wa farasi, salfa zenye trimethoprimu ni mojawapo, hivyo ratiba ya farasi humwacha punda masaa mengi bila kinga. Na ziko za kukataa hata zikiwa za bure. Tailosini, inayouzwa sana kwa ng'ombe na kuku, na linkomaisini, huua bakteria wema wa utumbo wa farasi na punda, na kuharisha kunakofuata humaliza mnyama haraka kuliko nimonia yenyewe.

Majimaji yakiwa mengi kati ya tando, sindano peke yake haitoshi. Mrija hupitishwa kati ya mbavu, na lita kadhaa hutoka. Kwa punda wa ami haikufika huko. Siku ya tatu sauti ilianza kusikika chini.

Kitu kilichokaribia kumuua hakikuwa kifuani. Punda akiacha kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na humwaga mengi damuni kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Damu iliyochotwa ikaachwa itulie hufanya tabaka kama maziwa. Hali hiyo ikikomaa punda wengi hawarudi, hata kama nimonia imetibiwa. Majike wenye mimba na punda wanene ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo kumlisha ni tiba, si huruma. Tulimkatia majani mabichi kila saa, kidogo kidogo, tukayaweka chini na si kwenye hori, mchanganyiko wa pumba uliolowa maji ya vuguvugu na molasi, ndizi na maganda yake. Uangalie koromeo linavyomeza na mavi yanavyotoka. Mdomo unaokwenda si ushahidi, nilishakwambia habari ya jani.

Na usimtenge na mwenzake. Hapa kanuni mbili zinagongana: mgonjwa wa kifua hutengwa, lakini punda aliyezoea mwenzake akitenganishwa naye huacha kula kwa simanzi, na hilo tu linatosha kuanzisha yale mafuta. Suluhisho tulilopewa ni kuwatenga wote wawili pamoja. Yule mwenzake alikwisha vuta hewa ile ile wiki nzima. Walifungwa chini ya mwarobaini, kamba ndefu, penye upepo wa bahari, ndoo yao wenyewe, na kijana mmoja wa kuwahudumia asiyegusa punda wa wengine kabla ya kunawa.

Hapa Lamu kumpata mtaalamu si kazi ngumu kama sehemu nyingine. Kituo cha punda cha ufukweni, kilichoanzishwa 1987 na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, kimezoesha watu kuleta mnyama bila kuogopa bili. Malindi na vijiji vya bara inabidi kutafuta ofisi ya mifugo ya kaunti, na simu huokoa siku moja. Ukipiga, sema namba: joto kadhaa, pumzi kadhaa, toka siku gani. Ukisema "hajisikii vizuri" utawekwa mwisho wa foleni, na mimi ningekuweka hapo pia.

Sindano ziliendelea wiki tatu, ingawa alianza kula sawasawa siku ya tano na ami akataka tusimamishe. Halafu ikaja habari ya kazi. Madaktari wa farasi hutumia kipimo chepesi kukumbuka baada ya mafua, na wengi hukitumia kwa kifua chochote: kila siku moja ya homa, wiki moja ya mapumziko, na zisipungue tatu. Kwa hesabu yetu homa ilikaa siku sita.

"Wiki sita?" ami alisema. "Na nyumbani wale mchanga?"

Sikuwa na jibu la kitabu. Punda afe mzigo ufike ni msemo wa watu wenye mzigo mmoja na punda mmoja. Aliyeutunga hakuwa mkatili, alikuwa na njaa. Mwishowe shemeji yake wa Matondoni alimpa punda jike kwa makubaliano ya kugawana nusu ya ujira, na kijana wake akajibana akabeba mchanga kwa mkokoteni. Haikuwa rahisi, na wiki ya nne nilimkuta ami amemwekea mgonjwa wetu shogi tupu "azoee." Tulinuniana siku mbili.

Wiki ya saba punda alibeba makuti, mzigo mwepesi, toka forodhani hadi nyumba ya tatu. Nilimfuata nyuma kama mpelelezi. Alipofika alisimama, akanusa ardhi, akapiga chafya ndefu iliyomchafua kijana kanzu. Baada ya nusu saa kivulini nilihesabu pumzi 22.

Juzi ami alinipigia simu kabla ya Alfajiri. Jike la shemeji halikulia, na yeye alitaka kujua kile kipima joto changu nimekiweka wapi.